Kodi ya soda au uji wa shule: watu wa Mtwara na Lindi tuunge mkono ipi kwanza?

Novemba, malipo ya minada ya kwanza ya korosho yakishaingia, maduka ya Tandahimba na Newala hupanga kreti za soda mpaka barazani. Kuna harusi, kuna maandalizi ya jando na unyago wa likizo ya Desemba, na kila mgeni anakaribishwa kwa chupa baridi. Sasa rudi katika nyumba zilezile mwezi wa Februari. Fedha za korosho zimekwisha, mahindi yangali mabichi shambani, na kinachoivishwa ni ugali wa muhogo na kisamvu, siku nyingine ugali na chumvi. Huo ndio wakati anapopita mnunuzi wa kangomba kukupa fedha kidogo leo kwa korosho utakazovuna mwakani.

Nimeanza na miezi hiyo miwili kwa sababu ya swali la mjomba wangu, ambaye ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Alinipigia simu jioni moja: "Mwipwangu, hii kodi ya vitu vitamu wanayoizungumza redioni, sisi huku tuiunge mkono au tuikatae? Wengine wanasema fedha ziende kwenye uji wa shule. Tukipewa nafasi ya kusema, tuseme nini?" Nilimjibu kwa kifupi siku ile, na jibu halikuniridhisha. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Kodi ya sukari inavyofanya kazi

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, au gramu 25 kwa lengo la chini. Chupa ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai. Chupa moja tu, na lengo la chini umeshalivuka. Mwaka 2016 WHO ikashauri nchi zitoze kodi itakayopandisha bei ya vinywaji hivi kwa angalau asilimia 20. Julai 2025 ikaja na mpango mkubwa zaidi: bei halisi za tumbaku, pombe na vinywaji vya sukari zipande kwa angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2035.

Ila kodi ya soda ina sura nyingi, na hapa ndipo mjadala wetu unapopotea. Meksiko ilianza Januari 2014 kwa kutoza peso 1 kwa lita, ambayo ni kama asilimia 10 ya bei. Manunuzi yalishuka kwa asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na 9.7 mwaka wa pili, na kaya maskini ndizo zilizopunguza zaidi. Uingereza, kuanzia Aprili 2018, ilitoza kwa madaraja ya sukari: kinywaji chenye gramu 5 hadi 8 kwa mililita 100 kinalipiwa kidogo, chenye zaidi ya hapo kinalipiwa zaidi, na chenye chini ya gramu 5 hakilipiwi kabisa. Viwanda vingi vilipunguza sukari kabla hata siku ya kuanza haijafika. Afrika Kusini nayo, mwezi huohuo, ilianza kutoza senti 2.1 kwa kila gramu inayozidi gramu 4 kwa mililita 100.

Tofauti ni hii. Ukitoza kwa lita, mwenye kiwanda hana sababu ya kugusa mapishi yake, kwa maana soda tamu sana na soda yenye utamu kidogo zinalipa sawa. Ukitoza kwa gramu, kila kijiko anachokitoa kinampunguzia kodi. Ushuru wa bidhaa wa Tanzania kwenye soda unahesabiwa kwa lita. Kwa hiyo nchi yetu haianzi na ukurasa mtupu. Kodi ipo tayari, isipokuwa imetungwa kwa ajili ya mapato na haikutungwa kwa ajili ya kongosho la mtu. Kama mbunge wa kusini angeniuliza jambo moja la kudai Dodoma, ningemwambia adai hesabu ihamie kwenye gramu za sukari kabla ya kudai kiwango kipande.

Je, ingemfikia nani huku kwetu? Mjini Mtwara, Masasi, Lindi na Nachingwea ingefika haraka, maana huko soda ni ya kila siku. Vijijini ingegusa zaidi msimu wa fedha. Haigusi sukari ya chai, na chai ndiyo njia kubwa ya sukari katika nyumba nyingi ninazozijua: vikombe viwili vyenye vijiko vitatu vitatu ni gramu 24 hivi. Asiyenywa soda kwa mwezi mzima anaweza kuwa anakula sukari nyingi kuliko mwanafunzi wa mjini, na kodi ya soda haitamwona.

Kwa upande wa shamba, kodi hii haimuumizi mkulima wa Mtwara wala Lindi. Miwa ya viwanda iko zaidi Kilombero, Mtibwa, Kagera na Moshi. Wakulima wadogo wa miwa wa Afrika Kusini walilalamika sana kodi ilipoingia, na ni haki kuwafikiria wenzetu wa Kilombero, ila wetu huku wanalima korosho, ufuta, mbaazi, muhogo na minazi. Faida wangeipata endapo mtu akiacha soda angehamia kwenye dafu au juisi ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mabibo yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, na kila msimu yanaoza chini ya mikorosho kwa wingi unaoumiza moyo, kwa sababu yakishaanguka hayakai hata siku mbili na viwanda vya kuyasindika karibu na shamba ni vichache mno. Kodi peke yake haitajenga kiwanda hicho.

Kuna onyo moja kutoka Denmaki. Waliweka kodi ya mafuta mazito (yaliyoshiba), kama ya siagi na nyama, Oktoba 2011 na kuifuta Januari 2013; watu walikuwa wakivuka kwenda Ujerumani na Uswidi kununua siagi. Sisi tuna mto Ruvuma mpakani na Msumbiji, tuna Daraja la Umoja na kivuko cha Kilambo, na watu wa pande zote mbili ni ndugu. Soda ni nzito na faida yake kwa chupa ni ndogo, sidhani itakuwa biashara kubwa ya magendo. Bado wanaopanga kiwango waukumbuke mpaka huo.

Uji wa shule, na mbaazi zinazokosa mnunuzi

Mwezi Agosti 2017 India ilizuia uagizaji wa mbaazi usizidi tani 200,000 kwa mwaka. Uamuzi ulifanyika Delhi, kilio kikawa Masasi, Nachingwea na Ruangwa. Mbaazi zilizokuwa zinauzwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo muda mfupi kabla ya hapo zikashuka hadi mia chache, na walioziweka ndani wakingoja bei walizikuta zimeliwa na fukusi. Wakati huohuo watoto wa vijiji vilevile walikuwa wanakwenda shule na tumbo tupu. Kila ninapolikumbuka hili naona kwamba tulikuwa na chakula na tulikuwa na wenye njaa, tulichokosa ni mkono wa kuviunganisha.

Brazil waliutengeneza mkono huo kwa sheria. Tangu mwaka 2009, angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zilitakiwa kununua kwa wakulima wadogo wa familia. Mpango huo hulisha wanafunzi wapatao milioni 40. Kwetu hesabu ni rahisi kuipiga. Mtoto mmoja akila gramu 40 za mbaazi au kunde kila siku ya shule, kwa siku 194 za masomo, anakula kilo 7 na gramu 760 kwa mwaka. Shule ya watoto 500 inahitaji karibu tani 3.9. Hilo ni soko linaloonekana kwa macho, halitegemei India, na AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ileile inayopima korosho ina mizani na ghala la kuanzia.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niipe mbaazi uzito. Unga wa muhogo una protini gramu 1 hadi 2 tu kwa kila gramu 100, mbaazi kavu ina kama 21. Zile gramu 40 za shuleni zinampa mtoto takriban gramu 8 za protini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mtwara ilipata wagonjwa wa konzo, ule ugonjwa unaopooza miguu ghafla na kutorudi nyuma, hasa kwa watoto na kina mama. Unatokana na sumu ya sianidi ya muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, kwa watu ambao mlo wao una upungufu wa protini. Njia ya kulowesha unga ilifundishwa huku kusini: unachanganya unga wa makopa na maji, unautandaza tabaka jembamba, unauacha juani saa mbili au kivulini saa tano, sumu inatoka hewani, kisha unasonga ugali. Haina gharama. Jiko la shule linaweza kuwa mahali pa kuifundisha kila siku, na kodi ya soda haina namna ya kufanya hivyo.

Sasa mabaya yake, maana yapo. Uji unahitaji kuni, mpishi, sufuria, stoo kavu na maji. Juu ya Uwanda wa Makonde maji yenyewe hununuliwa kwa ndoo miezi mingine. Tena uji wa shule mara nyingi ni michango ya wazazi, na mchango una makali yake. Shule niliyosoma mimi ilikuwa inatenga foleni: waliochanga huku, wasiochanga kule. Nilisimama upande wa kule karibu muhula mzima wa kwanza, hasa miezi ileile ya Januari hadi Machi ambayo nyumbani hakukuwa na kitu. Mpango wowote utakaomwacha mtoto wa namna hiyo nje ya foleni siuungi mkono, hata ukipewa jina zuri namna gani.

Na kuna jambo zito zaidi. Udumavu hutengenezwa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 ya mwaka 2015/16. Mtoto anapofika darasa la kwanza, mlango huo umeshafungwa kwa sehemu kubwa. Uji utamsaidia kukaa darasani, kusikiliza na kukua, lakini urefu uliopotea na ubongo uliokosa chakula utotoni havirudi vyote. Kwa hiyo anayesema "uji wa shule utamaliza udumavu" anaahidi kisichowezekana. Fedha ya lishe lazima igawanywe: sehemu iende shuleni, na sehemu iende kwa mjamzito na mtoto mchanga, kupitia zahanati na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayofanyika kila robo mwaka.

Na kurutubisha unga?

Hili nitalipita haraka. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula viongezwe virutubishi viwandani. Ni jambo jema kwa anayenunua sembe ya mfuko. Kwetu vijijini mahindi yanasagwa kwenye mashine ya jirani, na unga wa muhogo haukuwamo kabisa katika kanuni hizo. Mahali ambapo kurutubisha kungetugusa moja kwa moja ni kwenye chumvi: mashamba madogo ya chumvi ya pwani yetu hutoa chumvi inayouzwa bila madini joto. Kuwasaidia wavunaji hao wa chumvi kupata mashine na madini joto kwa bei nafuu ni kazi ndogo yenye faida kubwa, na ningependa madiwani wa pwani ya Lindi waisemee.

Fedha ikishakusanywa inakwenda wapi

Hapa ndipo mtu wa kusini ana elimu ambayo wa mahali pengine hana. Korosho ghafi ikisafirishwa nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Kwa miaka kadhaa asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuendeleza zao lenyewe: utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, miche, salfa, magunia. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa na fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walibishana sana bungeni. Pembejeo za ruzuku zilirudi miaka iliyofuata kwa njia nyingine, na mkulima hakuachwa mikono mitupu moja kwa moja. Tulijifunza, hata hivyo, kwamba fedha iliyofungwa kwa kifungu kimoja cha sheria hufunguliwa kwa kifungu kingine, katika kikao kimoja cha bajeti.

Weka hilo kando ya kodi ya soda. Wanaoitetea husema mapato yatakwenda kwenye lishe. Huenda. Lakini kodi ya soda inakusanywa na kugawanywa mbali na Kitangari na Mnero, na mjomba wangu hana meza anayoweza kuigonga akiuliza imefika wapi. Fedha ya uji ni ndogo na ina usumbufu, ila iko mkononi: mkutano mkuu wa kijiji unaihoji, kamati ya shule inasomewa mapato na matumizi, na mzazi anaweza kufungua stoo akahesabu magunia.

Upande wa pili wa hoja ni huu, na nausema kwa haki. Halmashauri zetu zinaishi kwa ushuru wa mazao, hasa korosho, ambao mwaka 2017 uliwekwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kwa kiwango hicho, kilo ya korosho ikiuzwa shilingi 3,000, halmashauri inapata 90. Mwaka ambao bei imeanguka au ugonjwa wa ubwiriunga umekula maua ya mikorosho, kapu linapungua, na lishe ni miongoni mwa mafungu yanayokatwa mapema. Halmashauri zimeelekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kutenga kwenye karatasi na kutoa benki ni mambo mawili. Misaada nayo si nguzo ya kuegemea: Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, na miradi mingi ya afya duniani ikasimama ndani ya miezi michache. Watu wanakunywa soda hata korosho zikiharibika, walau mijini. Kodi yake ni kapu lisilotegemea mvua wala mnada, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kutoikataa.

Kuhusu ushuru wa mazao ya chakula, neno moja. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, lakini mnunuzi huushusha kwenye bei anayompa mkulima. Mzigo usiozidi tani moja hautakiwi kutozwa ukisafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mama anayepeleka gunia mbili za kunde kutoka Nanyumbu kwenda Masasi alijue hili kabla hajafika kwenye kizuizi.

Kwa hiyo, kwa nani ipi

Mjomba, kwa nafasi yako ya kijijini, weka nguvu kwenye uji kwanza. Soda huwezi kuitoza. Mbaazi unaweza kuzinunua. Pendekezo liingie katika mpango wa kijiji kabla ya kikao cha bajeti ya halmashauri, na lidai mambo matatu yasiyotenganishwa: mbaazi na kunde zinunuliwe kwa wanakijiji msimu wa mavuno bei ikiwa chini, zihifadhiwe kwa mifuko isiyopitisha hewa ili fukusi wasizimalize, na mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga ale sawa na wenzake. Mchango uchukuliwe baada ya mnada wa korosho, fedha ikiwa bado mfukoni, kuliko kumdai mtu Februari.

Anayeketi bungeni au anayeandika maoni ya bajeti aunge mkono kodi ya sukari, kwa masharti: ihesabiwe kwa gramu, na sehemu ya mapato itajwe katika sheria kwamba inarudi kwenye lishe ya halmashauri kwa idadi ya watoto. Bila sharti la pili bado ingeweza kusaidia kupunguza kisukari, na hilo si dogo. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa nchi hii wana uzito uliozidi. Isipokuwa asimwambie mkulima wa Liwale kwamba ni mpango wa lishe ya mtoto wake.

Viongozi wa AMCOS, ninyi mna ghala ambalo miezi sita kwa mwaka halina korosho. Na mwenye mtoto wa miezi minane mgongoni asingoje lolote kati ya haya: karanga zilizosagwa, kunde zilizoloweshwa na kumenywa, dagaa wa unga ndani ya uji wa leo jioni.

Nilipomsomea mjomba haya kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza gunia moja la kilo 100 linalisha watoto wangapi kwa muhula. Tukapiga hesabu pamoja: kwa gramu 40 ni sahani 2,500, yaani siku tano kwa shule yao ya watoto 500. Akasema ataanza na darasa la kwanza na la pili, ambao ni 120, gunia likae siku ishirini, na ataomba magunia matano kwenye mkutano wa mwezi ujao.